Kidole na mdomo: upimaji katika darasa langu la awali

Mtoto anayetamka moja hadi ishirini bila kukwama bado hajaonyesha kwamba anajua kuhesabu. Mmwagie visoda saba, vile vifuniko vya chupa za soda, kwenye jamvi, mwambie akuhesabie, kisha nyamaza uangalie kidole chake. Kidole kikiutangulia mdomo, ataruka visoda viwili bila kuvihesabu. Mdomo ukikitangulia kidole, kisoda kimoja au viwili vitahesabiwa mara mbili na jibu litakuwa nane au tisa. Na hata akifika saba sawasawa, hujamaliza. Muulize, "Haya, viko vingapi?" Watoto wengi wa awali wataanza upya: moja, mbili, tatu, nne. Kwao kuulizwa vingapi ni kuambiwa wahesabu tena. Bado hawajajua kwamba neno la mwisho walilotamka ndilo linalobeba idadi ya visoda vyote.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi. Nampa mtoto kopo lililojaa visoda na kumwambia, "Nipe vinne." Anayeijua nne atachota vinne na kusimama. Asiyeijua atachota tu mpaka viganja vyangu vijae, tena kwa furaha, kwa kuwa mwalimu ameomba naye anampa. Mtoto huyo huyo asubuhi ameimba namba hadi ishirini mbele ya mgeni na akapigiwa makofi. Kesho yake hahitaji ishirini na moja. Anahitaji kugawa vikombe vya uji kwa wenzake watatu, kimoja kwa kila mmoja, na kuona mwenyewe kwamba kimebaki kimoja au kimepungua.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia walimu wenzangu wa awali, hasa mliopangiwa darasa hili bila kuliomba: andalio la kesho, yaani mpango wa somo, huandikwa vizuri baada ya kumtazama mtoto leo. Tumezoea kulianzia kwenye kitabu, halafu mwisho wa muhula tunajaza fomu ya maendeleo kwa kukumbuka-kumbuka. Watoto wanaopata hasara kwa mtindo huo ni wale wasiosema wala kusumbua, na katika kila darasa wapo.

Nafundisha katika shule ya msingi ya serikali, kijijini, mkoani Dodoma, upande wa mashamba ya mtama na uwele. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walikuja kwa wingi. Mwaka ule nchi nzima waliandikishwa awali watoto zaidi ya milioni moja na nusu. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi ninao zaidi ya tisini, na zipo asubuhi wanapokaribia mia moja, kwa sababu binti wa darasa la nne akija shule na mdogo wake wa miaka mitatu mgongoni, huyo mdogo naye huishia kwenye jamvi langu. Simrudishi. Nikimrudisha, dada yake naye anarudi nyumbani.

Mwenye darasa la namna hii akisikia habari za kumfuatilia mtoto mmoja mmoja hukata tamaa kabla hajaanza. Kwa hiyo nieleze ninavyofanya, maana inawezekana, na haihitaji kitu ambacho shule ya kijijini haina.

Nina daftari kubwa la kaunta. Kila mtoto ana kurasa zake mbili. Kila siku nawachagua watoto sita, na hao sita ndio ninaowaangalia kwa makusudi siku hiyo. Wengine wote nafundisha, naimba nao, nawafuta kamasi na kuwaamulia ugomvi, ila macho yangu yanarudi kwa wale sita. Mfukoni nina kipande cha karatasi na kalamu. Naandika maneno mawili matatu papo hapo, na watoto wakishaondoka nakaa nusu saa kuyahamishia kwenye daftari. Kwa mzunguko huo darasa zima linaisha ndani ya wiki tatu au nne, kisha naanza upya. Anayenitia shaka namrudia mapema zaidi.

Ugumu uko kwenye cha kuandika. Mkono wa mwalimu una haraka ya kuandika hukumu: mvivu, mzito, hodari, mtundu, hajui hisabati. Maneno hayo hayakusaidii kesho. Ukisoma "mzito" utampangia nini? Mimi naandika alichofanya na alichosema, basi. Kurasa zangu zina maandishi ya namna hii: "Kona ya ujenzi. Amepanga magunzi kutoka fupi hadi refu, peke yake. Kengele ilipolia hakutaka kuacha." "Amesema: mbuzi wetu amezaa wawili, mmoja amekufa. Sentensi kamili, Kiswahili." "Ameshika kalamu kwa ngumi. Mstari wa wima anaweza, duara halifungi." "Amemnyang'anya mwenzake kopo, kisha akamrudishia bila kuambiwa." Ukiwa na sentensi nne za namna hiyo kwa muhula, unamjua mtoto kuliko ambavyo jaribio lolote la maandishi lingekujulisha.

Chuoni tulisoma habari za Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma mwaka 1907. Mengi yake yanadai vifaa ambavyo sitavipata. Nilichoondoka nacho ni kwamba yule mama alianza kwa kukaa na kutazama, kama daktari anavyomtazama mgonjwa kabla ya kuandika dawa, na hilo halina bei.

Kutazama kuna saa zake. Shule yetu hupika uji pale wazazi wanapochanga mahindi na mtama, na mwaka ukiwa mbaya sufuria hukaa tupu. Nimejifunza kuandika pembeni ya kila nililoliona: kabla ya uji, au baada ya uji. Kuna kijana mdogo, mtoto wa mchunga ng'ombe, anayetoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu mdomoni na kutembea mwendo mrefu. Saa mbili na nusu asubuhi ukimwuliza rangi ya kisoda anakutazama tu. Saa nne na nusu, kikombe kikiwa kimeshuka tumboni, anakutajia rangi, anakuhesabia mpaka kumi na mbili, na anamsahihisha jirani yake. Nani kati ya hao wawili ndiye yeye? Ningempima asubuhi peke yake ningeandika habari za njaa na kuziita habari za akili. Kwa hiyo upimaji wote wa namba nimeuhamishia baada ya mapumziko. Asubuhi tunafanya mambo ya mwili na sauti: nyimbo, salamu, hadithi, habari za hali ya hewa. Na siku ambazo uji haupo, sipimi.

Na uji wenyewe ukikosekana muda mrefu nakwenda kwenye mkutano wa kijiji nikiwa na daftari langu. Nawasomea wazazi maandishi ya mtoto bila kumtaja jina: alivyokuwa kabla ya uji, alivyokuwa baada yake. Wamekwisha kuchanga kwa sababu ya kurasa hizo. Takwimu za lishe zilizobandikwa ukutani ofisini hazikuwahi kuwafanya wachange.

Lugha nayo inadanganya mpimaji. Wengi wa watoto wangu wanaingia Januari wakiwa na Kigogo kitupu. Kiswahili wanakisikia mnadani na kwenye redio. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Walinifundisha wao kusema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mlangoni, na siku nilipoitikia vizuri darasa zima lilipiga kelele. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na Kiswahili nawafundisha kwa bidii, kwa kuwa bila hicho darasa la kwanza litawaonea. Lakini nikitaka kujua kama mtoto anaijua nne, kisha nikamwuliza kwa lugha aliyokutana nayo mwezi uliopita, ninachopima ni Kiswahili chake. Kwa hiyo nina mama mmoja wa kijijini anayejitolea siku mbili kwa wiki, anakaa nami kwenye jamvi, anauliza kwa Kigogo lile lile nililouliza kwa Kiswahili. Safu mbili kwenye daftari: moja ya Kiswahili, moja ya Kigogo. Kuna watoto ambao safu ya kwanza ilikuwa tupu mpaka Aprili na safu ya pili imejaa tangu wiki ya kwanza. Hao sikuwapangia masomo ya kuhesabu hata kidogo. Niliwapangia majina ya vitu: kijiko, mlango, juu ya, ndani ya, kubwa kuliko. Namba walikuwa nazo.

Huyu ninayetaka kumsimulia sasa ni binti wa mama mmoja anayeuza ubuyu karibu na kisima. Kwa miezi mitatu hakusema neno darasani. Akiitwa mahudhurio anainua mkono nusu. Wenzangu ofisini walisema huenda ana tatizo, apelekwe kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Nilimweka kwenye orodha ya sita siku mbili mfululizo, nikahamia naye kona baada ya kona. Kwenye vitabu alikaa kimya. Kwenye visoda alipanga kimya, vizuri. Kwenye kona ya nyumbani, ambapo tuna mafiga matatu, vifuu, kipande cha kanga na dumu lililokatwa, nikasikia sauti nisiyoijua. Alikuwa amegeuza dumu kuwa meza ya ubuyu. Alikuwa anapima kwa kifuniko cha chupa, anapokea mbegu za mkwaju kama hela, anarudisha chenji, na mteja aliyetaka kuondoka na mfungo mkubwa kwa mbegu mbili aliambiwa kwa Kiswahili kinyoofu: "Huu ni wa tano. Leta tatu nyingine."

Niliandika sentensi hiyo kama ilivyo. Mtoto aliyedhaniwa hasemi alikuwa anatoa, anajumlisha na kubishana bei. Wiki iliyofuata tukafungua duka. Kila kona ikawa na biashara yake, na yeye nikamweka msimamizi wa mbegu. Hakuna kipindi nilichomlazimisha kusimama mbele. Alisimama mwenyewe kwa sababu wenzake walihitaji chenji. Mtaala wa mwaka 2016 ulituwekea umahiri sita, kuhusiana na wengine na kuwasiliana vikiwa vya kwanza, na kutumia dhana za kihisabati mwishoni. Duka lile lilivibeba vyote vitatu kwa pamoja. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 nao unaweka mchezo katikati ya ufundishaji wa awali, na nafurahi, maana kwa miaka mingi tumekuwa tukiona aibu mgeni akikuta watoto wanacheza.

Si kila mtoto anayenyamaza ana duka kichwani. Yupo mwingine niliyeandika juu yake mara tatu: "Ameitwa, hajageuka." "Ameitwa, hajageuka. Alipoguswa bega ameitika." "Anamtazama mdomo anayesema, anageuza sikio la kulia." Hayo yakiwa yamekaa ukurasa mmoja, yalijisema yenyewe. Nilimwangalia sikio la kushoto likiwa na usaha uliokauka. Mama yake alisema linatoa maji tangu akiwa mdogo, likikauka anapona. Nilimwomba, "Mama, twende wote zahanati Jumatatu," tukaenda. Alitibiwa, akapewa rufaa ya hospitali ya wilaya. Mimi kazi yangu ilikuwa kumhamisha akae mbele upande wa kushoto, ili sikio zima liniangalie, na kuhakikisha sitoi maelekezo nikiwa nimeupa uso ubao. Badiliko hilo la pili liliwasaidia watoto wengine wengi ambao hawakuwa na ugonjwa wowote.

Macho ni hivyo hivyo. Dodoma ni mkoa ulioumizwa sana na vikope, na wilaya ya Kongwa imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miaka mingi. Mtoto anayesugua macho, anayekwepa mwanga wa mlangoni, anayesogeza kitabu mpaka kigusane na pua, huyo hahitaji andalio jipya, anahitaji maji ya kunawa na mganga wa zahanati. Kibuyu chirizi chetu, chombo cha kunawia kinachotiririsha maji, kipo mlangoni na kunawa uso ni kipindi, kimeandikwa kwenye ratiba kama kilivyoandikwa kipindi cha namba. Kutunza afya ni umahiri pia.

Mikono sasa. Wazazi na hata baadhi ya walimu wa juu wanataka kuona a, e, i, o, u kwenye daftari la mistari mwezi wa pili. Mtoto anayeshika kalamu kwa ngumi ukimlazimisha kuandika "a" atachoka bega kabla hajafika mstari wa pili, na atakachojifunza ni kwamba kuandika kunauma. Kinachohitajika ni vidole vyenye nguvu, na vidole vinapata nguvu kwenye udongo wa mfinyanzi, kwenye kutunga shanga za mbegu, kwenye kukamua kitambaa, na kwenye mdako. Napenda sana mdako. Mtoto anarusha kokoto juu, anavuta nyingine kutoka shimoni, anarudisha zote isipokuwa moja, anaidaka ile iliyorushwa kabla haijaanguka. Hapo kuna jicho na mkono kufanya kazi pamoja, kuna kutoa moja, mbili, tatu kwa mpangilio, kuna kusubiri zamu na kukubali umeungua. Mchezo wa bibi zetu, na bei yake ni shimo. Siku za mdako mimi nakaa pembeni na karatasi yangu, kwa sababu ndipo watoto wanaponisahau, na mtoto akishamsahau mwalimu anakuonyesha alipofika kweli.

Maandishi tunaanzia mchangani. Mistari ya wima, ya kulala, mawimbi, duara. Mchanga unafutika kwa kiganja, hakuna kosa linalobaki. Duara likishafungika mchangani, tunahamia kwenye ubao mdogo, kisha karatasi.

Kuhusu karatasi, kila mtoto ana mkoba wa kazi. Nimewashonea kwa karatasi ya mifuko ya saruji, ile ya kaki, baada ya fundi wa madarasa kumaliza kazi. Imening'inia kwenye kamba ukutani, na juu ya kila mmoja kuna alama ya mwenyewe, kwa maana majina hawayasomi bado: jogoo, mwezi, jembe, mbuyu. Ndani naweka michoro, nyuma nikiandika tarehe na maneno ya mtoto juu ya alichochora. Januari namwambia kila mtoto, "Mchore mama." Mara nyingi utapata kichwa kikubwa chenye macho, na miguu imetokea moja kwa moja kwenye kidevu. Tumbo hakuna. Juni narudia ombi lile lile. Tumbo limekuja, mikono imetoka begani, vidole wakati mwingine saba. Novemba mama ana kitenge chenye maua, ana mtoto mgongoni, na mtoto wa mgongoni naye ana uso.

Michoro hiyo ndiyo ninayokwenda nayo kwenye kikao cha wazazi, kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni, "Mwalimu, wangu wa ngapi?" Nimeona ripoti ya shule moja ya mjini, ya mtoto wa miaka minne, mtihani wa masomo saba, wastani umepigwa hadi nukta mbili, na chini kwa wino mwekundu: nafasi ya 38 kati ya 41. Mama aliyenionyesha alikuwa analia. Mtoto alikuwa amesimama pembeni anasikia. Hasira yangu kwa ripoti ile haijaisha mpaka leo. Mtoto wa miaka minne anaweza kupishana na mwenzake wa darasa moja kwa miezi kumi na moja ya kuzaliwa, na miezi kumi na moja katika umri huo ni sehemu kubwa ya maisha yote aliyoishi. Kuwapanga foleni ni kuwapanga kwa tarehe za kuzaliwa na kwa nani alikunywa chai asubuhi.

Basi mzazi akiniuliza wa ngapi, natoa mkoba wa saruji. Naweka mchoro wa Januari na wa Juni ubavu kwa ubavu, namwachia atazame. Akina baba hasa hukaa kimya muda mrefu. Kisha namweleza mambo mawili: anachokiweza sasa, na tunachokwenda kukifanya muhula ujao. Na namwomba kitu kimoja cha kufanya nyumbani kisichohitaji pesa wala kusoma: "Akikusaidia kupanga nyanya za kuuza, mwache ahesabu yeye mafungu." "Usiku msimulie hadithi, ukifika katikati mwulize nini kitatokea." Mzazi asiyejua kusoma huondoka akijua kwamba naye ni mwalimu wa mtoto wake, na mwezi unaofuata ananiletea habari bila kuitwa: mwalimu, jana amegawa mayai, amesema kaka kazidishiwa.

Nirudi kwenye mipango, maana huko ndiko daftari linakolipa. Ijumaa mchana napitia kurasa za wiki na kuwagawa watoto katika makundi matano kwa lile moja ninalotaka kulisukuma. Majina ya makundi ni ya ndege na wanyama, na yanabadilika kila baada ya wiki mbili ili mtoto asijizoee kuwa wa kundi la nyuma. Tuseme kwa namba: wapo wanaohitaji kulinganisha kidole na kisoda, hao wanapata kazi ya kuweka kisoda kimoja katika kila kishimo cha trei ya mayai. Wapo wanaofika mwisho bila kujua vingapi, hao wanahesabu, wanafunika kwa kikombe, wanasema viko vingapi, wanafunua kuhakikisha. Wapo wanaochota kwa amri, hao naongeza kimoja chini ya kikombe na kuwauliza sasa viko vingapi. Vipindi vya awali ni vya dakika 20, kwa hiyo mimi nakaa na kundi moja kwa kipindi, yule mama wa kujitolea na lingine, na matatu yaliyobaki yako kwenye kona yakifanya mambo wanayoyajua tayari. Azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima, linabaki lile lile. Ni siku ndiyo inayobadilika. Na mthibiti ubora, mkaguzi wa shule, akija akitaka kujua kwa nini makundi yanafanya vitu tofauti katika mada moja, namfungulia kurasa.

Mwezi wa Aprili na Mei mpango wowote unatikisika. Uwele na mtama vinakomaa, kweleakwelea wanashuka kwa maelfu, na familia nzima inakwenda kuamia, yaani kufukuza ndege hao. Watoto wadogo hufuatana na wakubwa shambani kutwa nzima. Kuwagombeza wazazi kwa jambo hili hakufai. Chakula cha mwaka kipo juu ya mabua. Ninachofanya ni kutopanga umahiri mpya wakati huo. Narudia ya zamani na waliopo, na wanaporudi Juni naanza kwa kuwauliza ya shambani. Kuamia kuna hesabu yake: ndege wametua upande gani, mawe yamebaki mangapi, nani zamu yake. Watoto waliorudi huwa na maneno mengi kuliko waliobaki, na nayaandika.

Kwenye mafunzo fulani nilikaa na mwalimu kutoka Unguja, aliyewahi kufanya kazi kwenye vituo vya Tucheze Tujifunze, vile ambavyo watu wa huko huviita TuTu, ambako redio ilitumika kuongoza michezo ya watoto chini ya mti. Yeye alikuwa na makombe ya pwani mahali pa visoda vyangu. Tulipolinganisha madaftari tukakuta tunafuatilia hatua zile zile: kidole, mdomo, vingapi, nipe vinne. Alinifundisha jambo moja nililolichukua mara moja: kumwuliza mtoto mwenyewe nini kimemshinda leo. Nilidhani wa miaka mitano hawezi kujibu. Anaweza. "Mkasi unanikataa." "Sita inakimbia." Majibu yao nayaweka kwenye nukuu, na mengi yameingia kwenye andalio la kesho yake kama yalivyo.

Desemba daftari linakabidhiwa. Zamani mtoto alivuka ukuta kwenda darasa la kwanza na kilichomfuata ni jina lake kwenye rejista, mwalimu mpya akaanza kumsoma kutoka sifuri. Tumekubaliana na mwenzangu wa darasa la kwanza aje kukaa kwenye jamvi langu wiki za mwisho za Novemba, saa moja kila siku, akiwa na kurasa mkononi. Anasoma, anamtafuta mtoto kwa macho, anamtazama. Maswali yake ni ya kazi: huyu akae wapi, yule ana miwani au bado, hawa wawili nisiwatenganishe? Binti wa ubuyu amemkuta kwenye kona ya nyumbani. Mwenzangu huyo ameniuliza kama darasa la kwanza naye afungue duka, na tumeanza kukusanya mbegu za mkwaju.